Walimwita Tanga

Chumbageni, Tanga
9 Februari 2025

Mzee Nehemia Mwakio,

Shikamoo. Hunijui, na mimi nakujua kwa jina tu, nililoandikiwa kwenye kipande cha karatasi. Naitwa Mwatumu binti Idarusi, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Baba yangu ni Idarusi Luqmani. Ana miaka sabini na mmoja, na kazi yake ni kutengeneza vyerehani vibovu katika kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yetu.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka kwenye kambi ya matibabu ya macho. Daktari mmoja, mgeni kutoka Mombasa, alimwinamia na kurunzi yake, lakini nikaona anayatazama masikio kuliko macho. Masikio ya baba yamevimba na kujikunja kama uyoga. Sisi wanawe tumekua tukiyaona hivyo, hatukuwahi kufikiri kwamba zamani yalikuwa vinginevyo.

Daktari akamuuliza, "Mzee, raga ulicheza wapi?"

Nikadhani amekosea mtu. Baba akajibu, "Nairobi."

"Nafasi gani?"

"Flanka."

"Jina lako nani, mzee?"

Baba alipotaja jina, yule daktari alizima kurunzi. Akasema, "Wewe ndiye Tanga?" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na foleni ya watu arobaini imesimama nje inangoja. Akasema akiwa na miaka tisa baba yake alimbeba mabegani ili amwone.

Njiani nilimuuliza baba. Akasema, "Mambo ya ujana hayo," na tangu siku hiyo hajaongeza neno. Daktari ndiye aliyeniandikia jina lako. Alisema kukupigia simu ni kazi bure kwa kuwa masikio yako hayasikii tena, ila barua unajibu. Naipeleka hii kwa basi la Mombasa, wao wataiunganisha na la Voi.

Sina ninachokuomba zaidi ya kuniambia mtu huyu ninayeishi naye ni nani.

Wako mtiifu,
Mwatumu Idarusi


Voi
21 Februari 2025

Binti yangu Mwatumu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku tatu bila kuijibu. Kwanza niambie: yeye anajua kwamba umeniandikia? Kama hajui, usimwambie bado.

Utanisamehe mwandiko. Vidole vinne vya mkono huu vilivunjika kwa nyakati mbalimbali, na viwili vilivunjika nikiwa karibu na baba yako.

Tulikutana karakana ya reli, Nairobi, mwaka 1974. Mimi Mtaita wa Wundanyi, yeye Mdigo aliyezaliwa Tanga na kulelewa na mjomba wake wa Vanga, upande wetu wa mpaka, tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Ndipo alipopata karatasi za Kenya. Raga alifundishwa shuleni Mombasa. Aliniambia alipouona mpira ule kwa mara ya kwanza, mrefu kama papai, alidhani umekaliwa na mtu.

Flanka, ili uelewe, ni yule anayefunga ubavuni mwa skramu, pale wanaume wanane wanaposukumana na wanane wenzao. Skramu ikivunjika, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Kazi yake ni kumfikia mwenye mpira na kumwangusha, kuinuka, kumfikia mwingine, kumwangusha, hivyo dakika themanini. Nimecheza na watu wakubwa kuliko yeye, na wenye mbio kuliko yeye. Sikuwahi kucheza na mtu aliyeinuka kutoka chini haraka kama yeye. Ungedhani ardhi inamchoma.

Aliichezea nchi mara kumi na moja. Siku hizo hakuna aliyelipwa. Jezi tulirudisha baada ya mechi, zikahesabiwa mbele yetu. Viatu vya njumu tulinunua wenyewe. Kwenda Lusaka tuliomba ruhusa kazini bila mshahara, tukasafiri kwa basi na lori mpaka miguu ikavimba, na kesho yake tukacheza. Jumatatu inayofuata tuko karakana na macho meusi, msimamizi anatucheka. Tuliona ni heshima kubwa. Naona hivyo hata leo.

Kule Lusaka walikuwa na askari mmoja mkubwa kama kabati. Hakuna aliyetaka kumkabili. Baba yako alimwangusha mara tano. Mara ya sita yule askari aliupokea mpira, akainua macho, akamwona Idarusi anakuja, akaupiga nje. Uwanja mzima ulicheka, naye alicheka. Jioni walikula sahani moja.

Kabla ya kila mechi alijitenga kwenye kona ya uwanja, akaswali rakaa mbili na soksi zake zimekunjwa kando. Hakuna aliyemtania kwa hilo, na sisi tulitaniana kwa kila kitu.

Jina la Tanga alipewa na watazamaji. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa kati ya nchi zetu, Horohoro hapapitiki, redio za pande zote zinatukanana. Wakati huo huo, Jumamosi mchana katikati ya Nairobi, watu elfu tatu wanasimama wanaita, "Tanga! Tanga!" Nimezeeka na bado sijasikia kitu kama kile.

Nipe salamu za mji wenu. Sijawahi kufika.

Nehemia Mwakio


Chumbageni, Tanga
5 Machi 2025

Mzee wangu Nehemia,

Shikamoo, na salamu za Ramadhani kutoka kwetu. Barua yako niliisoma nimesimama pale ofisi ya mabasi, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikarudi nyumbani nikamwangalia baba akitia mafuta cherehani cha jirani. Nilijaribu kumwona mtu anayeitwa na watu elfu tatu. Nilimwona. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi: ni mabega yale yale, ni uinukaji ule ule. Hata leo akichuchumaa, husimama bila kushika kitu.

Hajui kwamba nakuandikia. Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, na inabidi kwanza nikueleze mambo ya nyumbani.

Baba ana dada mmoja mkubwa, Shangazi Zuwena, nyumba ya nne kutoka kwetu. Huja kila siku kumwona mama. Baba akiingia, yeye huaga. Ni miaka arobaini na tano sasa. Salamu hupeana, msiba husaidiana, lakini kukaa chumba kimoja, hapana.

Kisa ninachokijua ni hiki. Bibi yangu mzaa baba alifariki siku ya Alhamisi, Septemba 1979, akazikwa alasiri ile ile. Baba alikuwa Kenya. Mtu alitumwa kwa miguu mpaka Vanga kwa mjomba, ili mjomba ampelekee habari Nairobi. Hitima waliiahirisha mpaka Jumapili, wakimngoja mtoto wa kiume pekee. Hakuja. Aliingia Jumatatu, jicho limefumba, nyusi imeshonwa, sikio limevimba linatoka maji. Shangazi alimuuliza alikuwa wapi. Hakujibu. Shangazi akaelewa kwamba kaka mtu alikuwa kwenye vilabu vya Nairobi anapigana na walevi, na mama yao yuko kaburini. Ndivyo tulivyosimuliwa wote.

Baada ya barua yako nimeanza kufikiri kwamba uso ule haukutoka vilabuni. Je, Septemba ile kulikuwa na mechi? Na kama ilikuwepo, mbona hakusema? Kusema "nilikuwa nacheza, sikupata habari mapema" kungemgharimu nini?

Ni mimi mwanao,
Mwatumu


Voi
31 Machi 2025

Binti yangu,

Idi njema kwenu nyote. Najua nimechelewa. Nilianza barua hii mara nne.

Mechi ilikuwepo. Jumamosi, tarehe 15 Septemba 1979, Nairobi, sisi na Zambia.

Nitakueleza mechi kwanza, maana ukishasoma yanayofuata huenda usitake kuniamini tena, na ningependa uiamini mechi.

Mpaka dakika ya sabini walikuwa wanaongoza kumi na mbili kwa tisa. Nyusi ya baba yako ilikuwa imepasuka tangu kipindi cha kwanza. Daktari aliishona pale pale pembeni ya uwanja bila ganzi, na yeye anauangalia mchezo juu ya bega la daktari. Sikio lilikanyagwa. Alirudi. Nilimsikia anapumua karibu nami kwenye skramu, pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Nikamuuliza, "Unaweza?" Akasema, "Nehemia, leo naona kila kitu."

Kisha skramu ikavunjika karibu na katikati ya uwanja. Wao waliudondosha mpira, ukadunda vibaya kama unavyodunda mpira wa raga, na yeye akauokota usawa wa kifundo cha mguu bila kupunguza mbio. Mita arobaini. Wa kwanza alimkosa. Wa pili alimshika kiuno, akaburutwa. Wa tatu akamrukia mgongoni, naye akaendelea na watu wawili juu yake, kama mtu anayehamisha samani. Mimi nilikuwa nyuma nakimbia nilie au nicheke sijui. Alianguka nao wote nyuma ya mstari, mpira chini ya kifua chake. Hiyo ndiyo trai, wakati huo pointi nne. Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Ndivyo ilivyokwisha.

Watu waliingia uwanjani. Mzungu mmoja mzee, aliyekuwa amechezea nchi yake kabla ya vita, alikuja akasimama mbele ya baba yako, akavua kofia, akaondoka.

Sasa yanayofuata.

Asubuhi ile, saa nne, simu ya maandishi ilifika karakana kutoka Mombasa, kwa jina la Idarusi. Mimi ndiye niliyekuwepo, nikatia sahihi nimpelekee. Ilikuwa haikufungwa vizuri. MAMA AMEFARIKI ALHAMISI. HITIMA JUMAPILI. NJOO. MJOMBA.

Basi la Mombasa lilikuwa linaondoka saa tano. Ningekimbia ningemfikia. Nilisimama kwenye lango la karakana, nikafikiri, bila yeye tutafungwa. Nilifikiri hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati.

Nilimpa jioni, baada ya kuoga. Nikamwambia ndiyo kwanza imefika. Alisoma, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, akalia kama sijawahi kuona mwanamume analia. Akapanda treni ya jioni. Hakurudi tena, si karakana, si uwanjani. Aliacha mchezo akiwa na miaka ishirini na mitano, akiwa ndiye bora nchini kwa nafasi yake.

Kwa hiyo hitima ya mama yake niliichukua mimi. Na miaka arobaini na tano ya dada yake sasa naona niliichukua pia. Msomee barua hii. Siwezi kumwomba msamaha kwa sababu sijui ningeanzia wapi.

Nehemia


Chumbageni, Tanga
7 Aprili 2025

Mzee Nehemia,

Shikamoo. Nimemsomea baba barua yako jana baada ya swala ya alasiri, kibandani kwake, mlango umefungwa. Sikuruka neno.

Sitakuficha, nilipoisoma peke yangu nilikukasirikia. Nilikaa na hasira siku mbili.

Yeye hakukasirika. Nilipofika mahali penye maneno "leo naona kila kitu," alifumba macho. Nilipomaliza aliniuliza, "Amebeba hili peke yake tangu siku ile?" Nikasema ndivyo inavyoonekana. Akasema, "Lete karatasi."

Ameandika tangu asubuhi. Barua yake naiweka pamoja na hii. Ameniambia niisome kabla ya kuifunga. Nimeisoma.

Mwatumu


Chumbageni, Tanga
7 Aprili 2025

Ndugu yangu Nehemia,

Amani iwe juu yako na nyumba yako. Mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Nilikuwa najua.

Unamkumbuka Sele, binamu yangu, aliyekuwa anahudumu kwenye behewa la chakula, treni ya Mombasa. Ijumaa jioni mjomba alimwahi stesheni akampa habari kwa mdomo. Simu ya maandishi aliipeleka Jumamosi kwa kuhofia Sele asije akanikosa. Hakunikosa. Treni iliingia Nairobi asubuhi, akaja mpaka chumbani kwangu, akanikuta natia kamba viatu vya njumu. Alinipa pole, akaniambia mama amekwisha kuzikwa tangu Alhamisi, akarudi kazini kwake.

Nilikwenda kituo cha mabasi. Nilipanda basi la saa tano, nikakaa dirishani. Wewe ulipokuwa umesimama langoni na karatasi yako, mimi nilikuwa kwenye kiti. Kisha dereva akawasha gari, nikashuka.

Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilishuka kwa ajili yenu, kwamba mngefungwa, au kwa ajili ya nchi, au hata kwa ajili ya mama. Mama hakujua raga ni kitu gani. Nilishuka kwa sababu nilitaka kucheza. Mechi ile nilikuwa nimeingoja mwaka mzima na niliitaka kama mwenye kiu.

Na lililo zito zaidi ni hili. Katika zile dakika themanini sikumkumbuka hata mara moja. Kila kitu kilikuwa wazi, kila mtu ninamwona atakapokwenda kabla hajakwenda, mwili haunilemei. Niliposhonwa sikusikia maumivu. Nilipoanguka na mpira ule nilikuwa nacheka, Nehemia, na wale wawili juu yangu. Sijapata furaha kama ile kabla wala baada, si siku ya ndoa yangu, si siku aliyozaliwa Mwatumu, Mungu anisamehe. Na mama yangu ana siku mbili ardhini.

Kisha ukaja na karatasi yako, uso umekubadilika. Nikajifanya ndiyo kwanza nasikia. Kilio kile kilikuwa cha kweli, lakini hakikuwa kilio ulichodhani. Ukanikumbatia, ukanipa pole, nikaona unanionea huruma nisiyoistahili. Sikuweza tena kukutazama. Ndiyo sababu sikukuandikia. Sikuacha raga kwa sababu ya mpaka. Niliogopa kuingia uwanjani tena nikaipata tena furaha ile.

Zuwena aliponiuliza nilikuwa wapi, ningeweza kusema habari zilichelewa. Ungekuwa uongo. Na ukweli sikuupatia mdomo. Nikaona anidhanie mlevi, ni nafuu kuliko kuujua ukweli.

Hukuninyima kitu, ndugu yangu. Ulinificha jambo nililokuwa nalo mfukoni. Shusha mzigo huo, si wako.

Idarusi Luqmani


Voi
19 Aprili 2025

Tanga,

Nimeisoma barua yako kanisani, Ijumaa Kuu, watu wametoka na mimi nimebaki kwenye benchi. Mke wangu alidhani nimeugua.

Wazee wawili wajinga. Kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa aibu ya siku moja ile ile.

Lakini nitakuambia jambo moja, kwa sababu wewe ulikuwa ndani yake na mimi nilikuwa nje nakutazama. Unaandika juu ya furaha ile kama mwizi anayetaja alichoiba. Mimi niliiona. Watu elfu tatu waliiona. Yule daktari wa macho ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado alizima kurunzi yake. Mtu hapewi kitu kama kile kwa sababu ni mbaya.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei nitakuwa Horohoro, upande wenu. Mjukuu atanileta mpaka mpakani. Zungumza kwa sauti, na kama bado sisikii, andika.

Nehemia


Chumbageni, Tanga
14 Mei 2025

Mzee wangu Nehemia,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na mgongo umetulia. Askari wa uhamiaji aliyewapa kiti kumbe anakaa hapa Chumbageni, ananisalimia sasa kila nikipita. Jana ameniuliza tena wale wazee walikuwa wanaandikiana nini kwenye daftari saa tatu nzima, na kwa nini walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Nakuandikia kwa ajili ya yaliyotokea baada ya kurudi, maana baba hatakuandikia, na wewe una haki ya kujua.

Jumapili asubuhi Shangazi Zuwena alikuja kama kawaida. Mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele, naye akakaa akatusaidia. Baba akaingia. Shangazi akaanza kukusanya kanga yake aage. Baba akasema, "Dada, nakuomba ukae. Nataka kukujibu."

Shangazi akasema, "Kunijibu nini?"

"Ulichoniuliza Jumatatu ile."

Alikaa. Baba hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye mkeka mbele yake. Akamweleza yote. Raga, Nairobi, watu wanavyoita, Sele na treni, basi alilopanda akashuka. Hakukutaja wewe wala simu ya maandishi. Nilitaka kuingilia, akanikataza kwa jicho. Alisema, "Nilijua, na sikuja. Nilikwenda kucheza." Kisha akamwambia na lile jingine, kwamba alisahau kabisa, kwamba alikuwa anacheka.

Mama aliacha kuchambua. Shangazi aliendelea. Alitoa chuya moja, akatoa ya pili. Nilikuwa naogopa kumtazama.

Mwishowe akauliza, "Ulifurahi?"

Baba akasema, "Nilifurahi."

"Sana?"

"Sana, dada. Sijaona mfano wake."

Shangazi akaweka ungo chini. Ana miaka sabini na sita, Mzee Nehemia, na nimemjua maisha yangu yote, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Akasema taratibu, kama anayehesabu siku, "Sisi humu ndani tulikuwa tunalia tangu Alhamisi. Mpaka machozi yakatuishia. Mimi nilidhani ulimwengu mzima umekufa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Afadhali katika watoto wa mama alipatikana mmoja wa kufurahi."

Baba aliinama akaweka paji la uso wake kwenye mkono wa dada yake, na shangazi hakuuondoa.

Mwanao,
Mwatumu